Kabati la Vitabu Lifunguliwe



Twaomba nafasi katika gazeti letu tuseme neno juu ya watoto wetu na vitabu. Twajua wako watakaouliza, "Je, jambo hili lahusu nini chama? Chama ni cha mishahara, nyumba na saa za kazi." Tunawasihi ndugu hao wasome mpaka mwisho, ndipo wahukumu.

Katika mkutano mmoja wa tawi letu, mwenzetu wa kikosi cha njia alikuja na barua aliyopewa kazini. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, na mwisho wake palikuwa na nafasi ya kutia sahihi. Alikuwa amefuatana na binti yake wa darasa la sita, akamwambia atusomee sote. Msichana alisimama akaisoma barua yote tangu juu hata chini, haraka haraka, bila kukwama mahali. Tukampigia makofi, na baba yake akatabasamu kwa fahari. Kisha mzee mmoja akamwuliza, "Vema, mwanangu. Sasa barua hiyo yasema nini?" Msichana akaitazama karatasi, akatazama chini, akanyamaza.

Hakuna aliyecheka, maana wengi wetu hatukuielewa vile vile. Katibu aliichukua akatueleza. Ilikuwa barua ya mtu kukubali kuacha kazi kwa hiari yake. Na mwenzetu alikuwa amekwisha tia sahihi nakala moja akairudisha ofisini siku tatu kabla, kwa kuwa aliambiwa ni karatasi ya kawaida tu. Chama kilimhangaikia sana, lakini sahihi ni sahihi.

Mtu aweza kusema kwamba kosa ni la Kiingereza, na kwamba barua za ofisi ni ngumu hata kwa watu wazima. Nasi tulidhani hivyo. Basi mmoja wetu akampa mtoto yule gazeti la Kiswahili, habari fupi ya mchezo wa mpira. Akaisoma kwa upesi ule ule. Tulipomwuliza ni timu gani iliyoshinda, hakujua. Hapo ndipo tulipoona ya kwamba jambo hili ni kubwa kuliko barua moja, nasi tukaona haya, maana mtoto huyo ni wetu na shule ile husomesha watoto wetu sote.

Ndugu, sisi watu wa reli twajua maana ya kusoma kuliko watu wengi. Katika njia yetu ya zamani, dereva aliyefika stesheni alipewa karatasi ya ruhusa, imwonyeshe kwamba njia iliyo mbele iko wazi mpaka stesheni fulani. Hakupewa karatasi ile ili aisome kwa sauti nzuri, apigiwe makofi na abiria. Alipewa ili ajue la kufanya. Dereva ambaye angeisoma kwa ufasaha bila kushika maana yake angeua watu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila maandishi. Kutamka maneno si kusoma bado. Ni kama kuwasha injini tu, na gari lenyewe halijaondoka stesheni.

Lugha yetu ya Kiswahili ina bahati katika jambo hili, tena ina mtego. Herufi zake husomwa kama zilivyoandikwa. Mtoto akiisha jua ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake, aweza kutamka karibu neno lo lote utakalompa. Wazazi wakisikia hivyo, hufurahi wakisema, "Mtoto amejua kusoma," na wanamwacha hapo. Lakini yuko mtoto anayesoma silabi moja moja kwa taabu, hata afikapo mwisho wa mstari amekwisha sahau mwanzo wake. Na yuko mwingine, kama binti wa mwenzetu, anayeimba maneno upesi wala hatafuti maana, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza maana tangu alipoanza shule. Wote wawili dawa yao ni moja: kusoma mengi yaliyo mepesi, yenye kuwavuta wenyewe, kila siku, mpaka macho yasihangaike na herufi na akili ipate nafasi ya kufuata habari. Kitabu cha hesabu hakiwezi kazi hiyo, wala kitabu cha mazoezi ya sarufi. Kazi hiyo ni ya kitabu cha hadithi.

Hatusemi kwamba nchi haikufanya kitu. Mwaka 1974 karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza, na mwaka 2003 ikaondolewa katika shule zote za msingi za Serikali, hata watoto wengi waliokuwa nje wakaingia. Tangu mwaka 2015, mpango ulioitwa Tusome ulipeleka vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza kwa watoto wa madarasa ya mwanzo, kila mtoto kitabu chake mkononi, na walimu wakapewa mwongozo na watu wa kuwatembelea darasani. Mwaka 2018 Serikali ilianza kupeleka vitabu vya masomo moja kwa moja hata shuleni. Haya ni mambo mema, na mpango ule wa Tusome ulionyesha kwamba mtoto akiwa na kitabu chake na mwalimu wake akisaidiwa, kusoma huenda mbele.

Lakini mlango wa shule kufunguka ni jambo moja, na mtoto kusoma ni jambo jingine. Watu wa Uwezo, ambao walianza miaka zaidi ya kumi iliyopita kwenda nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto, walikuta mara kwa mara kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi ya darasa la pili. Watoto hao hawakuwa watoro, walikuwa wameandikwa shuleni na walikwenda. Basi sisi wazazi tusitosheke kusema, "Mtoto wangu yuko darasa fulani." Namba ya darasa haisomi barua.

Sasa twataka kusema jinsi sisi wenyewe tulivyojifunza, kwa kuwa ni ushuhuda tulio nao. Shule yetu ilikuwa shule ya misheni, yenye kuta za mawe na madirisha yasiyo na vioo. Ofisini mlikuwa na kabati la vitabu. Vingi vilitoka ng'ambo, vikieleza habari za theluji na watoto wanaokunywa chai na mbwa wao, na hivyo havikutuvuta sana. Lakini vilikuwamo vichache vya Kiswahili, hadithi za Abunuwasi na za Sungura. Vilikuwamo pia vile vya Barbara Kimenye juu ya Moses, yule kijana mtundu wa shule ya bweni. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa na desturi moja. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alichukua kitabu akatusomea kwa nusu saa. Hakutuuliza maswali ya mtihani, wala hakuandika kitu ubaoni. Alisoma tu, na alipofika mahali pabaya kuliko pote, mahali ambapo mwizi ameshika kitasa cha mlango, alikifunga kitabu akisema, "Anayetaka kujua, kitabu kiko juu ya meza."

Ndugu, tuligombania kitabu kile. Wengine wetu tuliokuwa wa mwisho darasani tulijifunza kusoma kwa ajili ya kujua mwizi yule alifanya nini. Tulisoma tukichunga ng'ombe, tulisoma kwa mwanga wa moto, tukasomeana. Lakini mwalimu yule akahamishwa. Kabati likatiwa kufuli, na ufunguo ukawekwa na mkuu wa shule, kwa kuwa vitabu vile vilikuwa vimeandikwa katika daftari la mali ya shule, na kama kimoja kingepotea yeye ndiye angeulizwa. Tulipomaliza shule, mchwa walikuwa wamekwisha vila. Hakuna aliyeulizwa juu ya mchwa.

Hatumlaumu mkuu yule peke yake, maana alifanya kama daftari lilivyomwamuru. Lakini tazameni hesabu hii kama mtu wa karakana angeitazama. Injini inayokaa bandani miaka kumi ili isichakae, je, ina faida gani? Kitabu kilichopasuka jalada kwa kupita katika mikono ya watoto mia kimefanya kazi yake na kimestahili kustaafu. Kitabu kilicho safi kabatini kimekula mshahara wa bure. Na twasikia kwa wenzetu wa stesheni nyingi kwamba makabati ya namna hiyo yako hata leo, yamejaa vitabu vilivyotolewa kwa sherehe na kupigwa picha, na watoto hawajavigusa.

Tena kufuli nyingine iko nyumbani kwetu. Ni mara ngapi umemkuta mtoto ameinama juu ya kitabu cha hadithi, nawe ukamkemea, "Wacha hadithi, soma!" Neno hilo tumelisema sisi sote. Twamaanisha kwamba asome vitabu vya mtihani, lakini mtoto asikia jambo jingine: kwamba kusoma ni adhabu, na kinachopendeza si kusoma. Akikua atafanya kama tulivyomfundisha. Siku ya kumaliza mtihani atatupa vitabu, na hatashika kingine mpaka siku atakapoletewa karatasi ya kutia sahihi.

Miaka mingi tulikuwa na udhuru wa mtihani wa darasa la nane. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, baada ya mpango mpya wa masomo kuanza katika madarasa ya chini mwaka 2019. Lakini mazoea yetu yamebaki pale pale. Bado twamwuliza mtoto, "Umepata ngapi?" wala hatumwulizi, "Umesoma nini?"

Liko pia jambo la lugha. Mpango wa elimu wa nchi hii ni kwamba mtoto afundishwe miaka mitatu ya kwanza kwa lugha ya mahali anapokaa, na katika miji yenye watu wa makabila mengi lugha hiyo huwa Kiswahili. Kutoka darasa la nne masomo huendelea kwa Kiingereza. Wazazi wengi hatuna subira. Twataka mtoto aanze na kitabu cha Kiingereza akiwa hajaota meno ya pili, ili jirani asikie. Sisi hatukikatai Kiingereza. Barua ile iliyomponza mwenzetu ilikuwa ya Kiingereza, nasi twataka watoto wetu wakijue barabara. Lakini mtoto aliyezoea kutafuta maana katika lugha anayoisema na wenziwe uwanjani atakwenda kuitafuta hata katika lugha ngeni. Aliyezoea kuimba maneno asiyoyajua ataimba hivyo hivyo mpaka uzee.

Wako watakaosema, "Vitabu ni ghali, na mshahara wetu mnaujua." Ni kweli. Tena sheria ya mwaka 2013 iliweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu, kana kwamba kitabu cha mtoto ni anasa. Jambo hili viongozi wetu wanafaa kulisema kila wanapokaa na wakubwa, kama wanavyosema juu ya bei ya unga. Lakini tuseme kweli sisi kwa sisi. Wengi wetu siku ya mshahara hutumia zaidi ya bei ya kitabu kimoja cha mtoto kabla hatujafika nyumbani.

Na wengine husema, "Kazi hiyo ni ya mwalimu, naye analipwa." Ndugu, mwalimu mwenye watoto sitini darasani hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Akimpa kila mtoto dakika moja, saa imekwisha. Sisi tunaolalamika kazi ya watu sita ikipewa watu watatu tungepaswa kumhurumia mwalimu kabla ya watu wengine wote.

Wala si jambo geni tunaloliomba. Zamani, wakati wa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1948, masanduku ya vitabu yalipelekwa mahali mbalimbali ili watu wasome na kubadilishana. Huko Garissa, tangu mwaka 1996, maktaba ya taifa iliwapakia ngamia masanduku ya vitabu na kuwapelekea watoto wa wafugaji mahali pasipofika gari. Ikiwa ngamia aliweza kufikisha vitabu jangwani, je, sisi wenye reli tutashindwa kufikisha sanduku moja kwenye landi?

Tukumbuke pia ya mji wetu mkuu. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo mpaka mwaka 1958. Wazee wetu waliolala karibu na karakana za reli waliona jengo lile na nguzo zake, wakapita njia. Siku hizi hakuna bawabu wa kumzuia mtoto wetu kwa rangi yake. Kufuli iliyobaki ni ya kabati, na nyingine ya nyumbani, na funguo zake tunazo sisi.

Basi maombi yetu kwa matawi yote ni haya.

Kwanza, kila tawi liwe na sanduku la vitabu. Tusingojee msaada wa ng'ambo. Kila mwanachama alete kitabu kimoja anachodhani mtoto atakipenda, kiwe kipya au kikuukuu, cha Kiswahili kwanza na vya Kiingereza vyepesi baadaye. Liwe na daftari la kuandika nani amechukua nini, na mtoto mmoja mkubwa awe mtunzaji. Kitabu kikipasuka kibandikwe. Kikipotea, mtoto asipigwe wala asitozwe. Ziko pia hadithi za African Storybook, zilizoandikwa kwa lugha nyingi za Afrika, ambazo watu wameruhusiwa kuzinakili bure. Mashine hii inayochapa gazeti letu yaweza kuzichapa vile vile, kisha tukazishona kwa uzi.

Pili, nyumbani tumsikilize mtoto kwa robo saa kila jioni, akisoma anachotaka yeye. Asiyejua kusoma asione haya. Mwambie mtoto akusomee, kisha mwulize, "Ikawaje?" na, "Wewe waonaje, alifanya vizuri?" Maswali hayo mawili hayahitaji cheti. Tena mzazi asiyejua herufi ana hadithi nyingi kichwani. Akisema "Paukwa!" na watoto wakaitika "Pakawa!", amekwisha anza kazi ya mwalimu, maana mtoto aliyezoea kufuata hadithi kwa masikio ataitafuta hadithi hata kwa macho.

Tatu, wale wenzetu walio katika halmashauri za shule waulize maneno matatu tu katika mkutano ujao. Je, shule yetu ina vitabu vya hadithi? Ufunguo wa kabati uko kwa nani? Na katika juma zima kuna nusu saa ya mtoto kusoma apendacho? Waulize kwa adabu, na waulize tena muhula ujao. Tena wamwondolee mkuu wa shule hofu: wakubali na kuandika kwamba vitabu vitachakaa, na kwamba hatadaiwa kitabu kilichokwisha kwa kusomwa.

Tawi letu limeanza. Tuna vitabu kumi na kimoja katika sanduku lililokuwa la vyombo vya fundi, na viwili havina jalada. Binti wa mwenzetu yule ndiye anayelitunza. Hatusemi kwamba amekwisha kuwa mwanachuoni. Bado husoma upesi kupita kiasi, na wadogo zake humwambia arudie. Lakini Jumapili iliyopita alikuwa akiwasomea watoto kumi na zaidi barazani, nasi tukapita tukisema kwa sauti juu ya zamu za juma lile. Akainua kichwa akatuambia, "Baba, ngojeni kidogo, tunataka kujua kama watamshika." Tukanyamaza, tukaketi, tukasikiliza mpaka mwisho. Walimshika.

Baba yake hana kazi sasa. Anauza makaa. Jioni huketi karibu na sanduku lile, naye ametuambia kwamba kila karatasi itakayoingia nyumbani mwake itasomwa na binti yake mara mbili, mara ya kwanza kwa mdomo na mara ya pili kwa akili, ndipo kalamu itafutwe.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa kikosi cha njia.